Simu Ibaki Mkononi Mwake: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mzee Simu ya Kupangusa

Jirani yetu mmoja hapa Mji wa Kale, Mombasa, alikosa maziko ya sahibu yake wa miaka arubaini. Walicheza bao baraza moja, walikwenda Lamu Maulidi pamoja, na siku sahibu alipofariki jeneza lilitoka msikitini baada ya alasiri, mzee amejilaza kwake, vichochoro vitatu kutoka hapo. Tanzia ilikuwa imeshatoka tangu saa nne asubuhi, lakini ilitoka kwa WhatsApp, na kila mtu alidhani mwenzake amempasha habari. Simu ya mzee ilikuwa mulika mwizi, kisimu cha vitufe chenye tochi na redio, na siku hiyo haikulia hata mara moja.

Wiki ileile mjukuu akamnunulia simu ya kupangusa. Miezi miwili baadaye simu ilikuwa kabatini, imezimwa, imetiwa ndani ya soksi. Mjukuu alimfundisha mara moja tu, dakika kumi, amesimama mlangoni na ufunguo wa pikipiki mkononi.

Mimi nina kibanda cha M-Pesa na fotokopi, na wazee huniletea simu kama walivyokuwa wakipeleka saa kwa fundi. Mengi ya haya nimeyajulia kibandani, na mengine nimejifunza kwa kumkosea mama yangu mzazi. Nayaandika kwa ajili ya mwana au mjukuu atakayefundisha. Mzee akiyasoma mwenyewe kwenye simu, basi ameshafuzu, ampishe mwingine.

Muulize anataka nini

Simu iache kwanza. Kaa naye umuulize: ni jambo gani ungependa kulifanya mwenyewe bila kumuomba mtu? Kisha nyamaza umsikilize.

Mama nilimwanzisha na niliyoyaona mimi ya maana: barua pepe, ramani, kusoma magazeti. Yeye alichotaka ni kumuona dadangu aliyeko Jiddah, amuone uso, ajue kama amekonda. Nilikuja kulijua hilo baada ya miezi. Wengine niliowauliza walitaka tanzia na mialiko ya harusi, Qurani ya maandishi makubwa, au kununua tokeni za stima usiku bila kumwamsha mpangaji. Mzee mmoja wa Likoni, mvuvi aliyestaafu, alitaka kuangalia upepo wa kesho ingawa haendi tena baharini.

Chagua moja tu kati ya atakayoyataja, liwe ndilo somo la kwanza. Mengine yatajileta yenyewe.

Simu na laini

Usimpe simu yako ya zamani yenye kioo kilichopasuka na betri inayokufa saa sita mchana. Kosa litakuwa la simu, na yeye ataamini ni lake. Nunua yenye kioo kipana, spika kali na nafasi ya GB 64 kwenda juu, maana video za kikundi cha ukoo hujaza simu ndogo katika wiki mbili. Itie kifuniko cha mpira kinachoshika mkononi, si kile cha kung'aa kinachoteleza.

Mulika mwizi usimnyang'anye. Kwa mzee anayeogopa pesa zake, mimi napendelea hivi: laini yake ya M-Pesa ibaki ndani ya kisimu kidogo kama kawaida, na WhatsApp ya namba hiyohiyo ifunguliwe kwenye simu kubwa. Msimbo wa kuthibitisha utaingia kwenye kisimu, unauandika kule, basi. Simu kubwa itumie bando la laini nyingine au Wi-Fi ya nyumbani. Siku simu kubwa ikiibiwa ndani ya matatu, pesa hazikwenda nayo.

Hakikisha laini imesajiliwa kwa kitambulisho chake yeye. Ziko nyumba nyingi ambamo laini ya bibi ilisajiliwa kwa jina la mjukuu wakati wa shida, na leo mjukuu yuko Qatar. Laini ikipotea, bibi hana haki ya kuirudisha. Kwa Safaricom, piga *106# uone ni namba gani zimesajiliwa kwa kitambulisho kile. Ukiona usiyoijua, ripoti.

Saa moja ya kuitengeneza

Kazi hii ifanye peke yako kabla hujamkabidhi. Fungua Mipangilio ya simu, ufuate hivi:

1. Lugha iwe Kiswahili, kama anakisoma. Baadhi ya wazee wetu husoma vizuri zaidi herufi za Kiarabu kuliko za Kizungu. Kwao ongeza kibodi ya Kiarabu.

2. Kuza maandishi, na pia ukubwa wa vitu vyote kwenye kioo. Kuza moja bila jingine, na vitufe vitabaki vidogo. Halafu ingia WhatsApp ukuze maandishi ya humo pia, kwani ina kipimo chake.

3. Muda wa kioo kuzima uwe dakika mbili au zaidi. Kwa kawaida huwa sekunde thelathini, na mzee bado anatafuta miwani.

4. Katika sehemu ya ufikivu, tafuta muda wa kugusa na kushikilia, uufanye mrefu. Kidole cha mzee hukaa juu ya kioo muda mrefu zaidi kuliko chako, na simu hudhani ameshikilia makusudi, ikaanza kuhamisha na kufuta vitu. Malalamiko ya "simu hii ina jini" mengi huishia hapa.

5. Kioo cha mwanzo kibaki na vitu vinne au vitano: simu, WhatsApp, meseji, kamera, na kile alichokitaka yeye. Vingine vyote vitoe mbele ya macho.

6. Andika majina kama anavyowaita yeye. "Mama Salim wa ghorofani" anamjua. Jina la kwenye kitambulisho halijui. Weka na picha ya kila mtu, atafute uso badala ya herufi.

7. Jaza taarifa za dharura zinazoonekana bila kufungua simu: maradhi yake, dawa, na namba mbili za watu wa nyumbani. Muonyeshe pia 999 na 112.

8. Zima upakuaji wa picha na video unaojiendesha ndani ya WhatsApp, hasa kwa bando. Simu itapumua.

Kufuli la kioo ni lazima, lakini usitegemee alama ya kidole peke yake. Vidole vilivyokuna nazi na kufua kwa mkono miaka hamsini vimesuguka, mashine haivisomi. Tumia namba, na isiwe mwaka wa kuzaliwa.

Kanuni ya mkono

Kama utashika moja tu katika maandishi haya, shika hili: usiitoe simu mkononi mwake.

"Lete nikufanyie, bibi" ni maneno ya mapenzi, na ndiyo yaliyomlemaza mama yangu miaka miwili. Kila alipokwama nilinyakua simu, vidole vyangu vikapita haraka, nikamrudishia, "tayari." Alichojifunza ni kwamba simu hutengenezwa na mimi. Siku niliposafiri alinyamaza wiki nzima, na dadangu Jiddah akadhani amekasirika.

Kaa upande wake, si mbele yake, mkitazama kioo kimoja. Mikono yako iweke mapajani, kweli, iweke hapo. Sema neno, ngoja afanye. Akikosea, ngoja tena. Kimya cha nusu dakika kitakuchoma, lakini ndani ya kimya hicho ndipo anapojifunza. Muonyeshe mapema alama ya kurudi nyuma, na umwambie kuwa popote atakapopotea, kurudi nyuma kutamtoa. Akishaijua njia ya kutokea, hofu hupungua nusu.

Somo lisizidi dakika ishirini, jambo moja, na lirudiwe kesho. Wakati mzuri ni baada ya alasiri upepo ukishaanza kuingia. Adhuhuri ya Machi mikono ina jasho na kioo hakisikii. Weka kitambaa kikavu karibu. Na wazee wawili au watatu barazani hujifunza upesi kuliko mmoja chumbani na mjukuu wake, kwa sababu wakikosea wanachekana wenyewe kwa wenyewe. Kuchekwa na mtoto uliyemlea ni jambo jingine.

Awe na daftari, na aandike hatua kwa mkono wake, kwa maneno yake na herufi anazozitaka. Mama aliandika "bonyeza kile kijani chenye kigugu cha simu," na hajawahi kupotea. Namba ya siri peke yake ndiyo isiyoingia daftarini.

Simu, kisha WhatsApp

Kupokea simu ni kugumu kuliko unavyodhani. Simu nyingine hutaka upanguse juu, nyingine ubavuni, nyingine uguse tu. Mpigie ukiwa chumba cha pili, mara kumi, mpaka mkono uzoee. Mfundishe na kukata, na kuwasha spika, kwani masikio mengi ya umri huo husikia vizuri simu ikiwa mbali kidogo.

WhatsApp anzeni na ujumbe wa sauti, si kuandika. Hatua ni tatu: fungua jina la mtu, bonyeza kinasa sauti na ushikilie, ukimaliza kusema achia. Kuna kosa moja ambalo wote hulifanya, nalo ni kuachia kabla ya kumaliza, au kuanza kusema kabla ya kubonyeza. Mwambie: bonyeza, vuta pumzi, sema. Mzee aliyeogopa kuandika kwa sababu tahajia yake ilichekwa shuleni zamani, hapa ni bingwa. Salamu peke yake itachukua dakika mbili, na aliyeko ng'ambo atazisikiliza mara tatu.

Simu ya video ifuate. Mfundishe kuishika simu kwenye usawa wa macho, asiiweke sikioni, la sivyo Jiddah wataangalia sikio. Kama mwana yuko Dubai, simu ya WhatsApp ya sauti au video huenda isishike, kwa sababu kule huduma hiyo huzuiwa. Ujumbe hupita, na wengi wa huko hupiga kwa programu iitwayo Botim. Mweleze mapema asije akadhani mwana anamkwepa.

Vikundi: ingia kwenye mipangilio ya faragha uweke kwamba ni watu anaowajua tu wanaoweza kumtia kikundini. Kikundi cha tanzia na cha ukoo viachie sauti, vingine vinyamazishe. Muonyeshe pia alama ya mishale miwili juu ya ujumbe, inayoonyesha kuwa umesambazwa mara nyingi. Dawa ya kisukari ya majani ya mstafeli iliyopita kwa watu elfu si dawa kwa sababu hiyo, na asiache metformini, dawa yake ya hospitali, kwa ajili yake. Hapa utabishana naye. Bishana kwa upole, maana aliyemtumia ni rafiki yake wa dhati, na wewe jana tu ulikuwa mtoto.

Mwisho, washa uthibitishaji wa hatua mbili ndani ya WhatsApp, achague namba sita yeye mwenyewe.

Pesa

M-Pesa ilianza 2007, kwa hiyo mzee wa miaka sabini na tano ameitumia tangu alipokuwa na miaka hamsini na kitu. Hana haja ya kufundishwa M-Pesa ni nini. Tatizo ni kwamba wengi wao waliitumia miaka yote hiyo kwa mkono wa mtu mwingine: wanampa wakala simu, kitambulisho, na namba ya siri kwa sauti, foleni nzima ikisikia. Mimi ni wakala. Nimeshatajiwa namba za siri kuliko kasisi alivyotajiwa dhambi.

Anza kwa kuibadilisha namba ile, na mpya aiandike mwenyewe. Isiwe mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huo uko kwenye kitambulisho ambacho wakala anakishika. Menyu ya *334# ina Kiswahili, mbadilishie lugha.

Kutoa pesa kwa wakala aende hivi: ataje kiasi, aandike namba ya wakala kwa kuisoma ukutani, aandike kiasi, asome jina la duka linapotokea kabla hajathibitisha, na namba ya siri aitie simu ikiwa kifuani. Asihesabu pesa mpaka ujumbe uingie, na asiondoke dirishani mpaka amezihesabu. Kama macho hayaoni tena kibao cha ukutani, aombe kisomwe. Kuomba kusomewa kibao ni sawa. Kumpa mtu simu si sawa.

Kutuma: jina la mpokeaji hutokea kabla ya pesa kwenda. Mzoeze kulisoma kwa sauti. "Naona Halima. Ni Halima ninayemtaka?" Pesa zikipotea njia licha ya hayo, autume ujumbe ule wa M-Pesa kwenda 456 mara moja, ombi la kuzirudisha lianze. Asimpigie aliyepokea kwanza. Wengine huzitoa papo hapo.

Tokeni za stima ndizo zinazowapa wazee furaha kubwa, sijui kwa nini. Labda kwa sababu giza hulikuta kila mtu, na atakayewasha taa ni yeye. Andikeni daftarini: *334#, Lipa na M-Pesa, Paybill, 888880, namba ya mita, kiasi, namba ya siri. Tokeni itakuja kwa meseji, tarakimu 20. Azinakili kwenye karatasi kwa mafungu matano ya nne nne, kisha aende nayo kwenye mita. Akijaribu kushika simu kwa mkono mmoja na kubonyeza mita kwa mwingine, kioo kitazima njiani na ataanza upya. Namba ya mita ibandikwe ndani ya mlango wa kabati.

Jambo moja la Fuliza, mkopo wa M-Pesa unaojazia salio lisipotosha. Aliyeiwasha bila kuelewa hushangaa mwana ametuma elfu mbili na imeingia elfu moja na ushei. Deni hujilipa lenyewe pesa zikiingia. Angalieni pamoja kama imewashwa na kama kuna deni, asipoihitaji, ifungeni. Nimeshuhudia ugomvi wa mama na mwana uliodumu Ramadhani nzima, kila mmoja akiamini mwenzake amedanganya, na mla pesa alikuwa Fuliza.

Matapeli, na tatizo la adabu

Maonyo mengi huwaambia wazee wasitaje namba ya siri. Wanajua. Kinachowaponza wazee wa Mombasa ni adabu. Mpigaji anaanza na salamu kamili, anamuitikia kila dua, anamwita mama, anauliza hali ya wajukuu. Baada ya hapo, kumkatia mtu simu katikati ya maneno ni utovu wa heshima ambao mama hakuufanya maisha yake yote, hataufanya leo. Anabaki kwenye laini kwa sababu amelelewa vizuri.

Kwa hiyo mpe njia ya kutoka yenye heshima. Mimi na mama tulitunga maneno, akayakariri kama shairi: "Mwanangu, mambo haya anayashika mwanangu mkubwa. Atakupigia. Kwaheri." Kisha anakata, hangoji jibu. Asitaje namba, wala asieleze.

Baada ya hapo fanyeni mazoezi. Nilimpigia mama kwa namba asiyoijua, nikajifanya wa kampuni ya simu. Mara ya kwanza nilipata mpaka jina la baba yake. Mara ya tatu alinikatia kabla sijamaliza bismillahi, na akanifuata sebuleni anacheka.

Mtindo ulioenea zaidi hapa kibandani ni huu. Inaingia meseji inayofanana na ya M-Pesa, eti umepokea 3,500. Dakika moja baadaye mtu anapiga analia, ametuma kimakosa, ni pesa za dawa. Mzee ana huruma, anamrudishia, na hakuna kilichokuwa kimeingia. Mfundishe mawili: ujumbe wa kweli hutoka kwa MPESA, si kwa namba ya simu ya mtu, na kabla ya kurudisha chochote aangalie salio, si meseji. Hata kama pesa zimeingia kweli, aliyekosea aelekezwe 456.

Safaricom hutangaza kwamba wakimpigia mteja hutumia 0722 000 000. Hata namba hiyo ikitokea, namba ya siri haitajwi. Meseji za utapeli azisambaze kwenda 333, ni bure. Na ili laini yake isibadilishwe na mtu mwingine kwa hila, piga *100*100# uifungie.

Tapeli wa WhatsApp huomba msimbo wa tarakimu sita, "nimeutuma kwako kwa bahati mbaya." Msimbo ule ndio ufunguo wa akaunti yake, akiutoa, tapeli ataanza kukopa kwa ndugu wote kwa jina lake. Sasa pia zipo sauti za kuigiza kwa kompyuta, mtu akasikia mjukuu analia kituo cha polisi. Chagueni neno la siri la nyumbani, jina la paka aliyekufa zamani kwa mfano. Asiyelijua si wetu, na hata anayelijua akatiwe simu kwanza, apigiwe kwa namba iliyohifadhiwa.

Kama ameshaibiwa, fanyeni haya siku hiyohiyo: mpigie mtoa huduma, kwa Safaricom ni 100, badilisheni namba ya siri, WhatsApp ikiwa imetekwa, isajilini upya kwa namba yake, aliyeiteka atatolewa, waambieni ukoo kwa sauti yake mwenyewe, kisha polisi, mkiwa na meseji zote bila kufuta.

Wala usimgombeze. Mama alipoteza 4,500 akanificha wiki tatu, kwa sababu mara ya kwanza, alipopoteza mia tano, nilipaza sauti.

Karatasi za serikali

SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, na usajili hufanyika kwa *147# au mtandaoni. Mzazi hajifichi chini ya jina la mwanawe. Anajisajili kwa kitambulisho chake. Angalia namba ya simu mliyoiandika, kwani ndiko misimbo ya kuthibitisha inakopelekwa. Nimeona bibi hospitalini akingoja msimbo ambao umeingia simu ya jirani wa zamani aliyehamia Voi. Tumieni laini anayolala nayo.

Malipo ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, huenda Paybill 222222. Akaunti ikifunguliwa kibandani, hata kama ni changu, neno la siri liandikwe na mzee au nawe, na mtoke nalo. Anayekwama na mtandao, Huduma Centre ya pale Posta, barabara ya Digo, bado ina watu wa kuzungumza nao ana kwa ana, na sioni aibu kuwapeleka.

Inua Jamii, ile 2,000 ya serikali kwa mwezi kwa waliofika miaka 70, ndiyo chambo cha matapeli wengi. Anayeomba "ada ya kuharakisha jina" kwa simu ni mwizi. Mambo yake yaulizwe kwa chifu.

Kibla na vitu vidogo vingine

Programu za nyakati za sala ziwekwe mahali Mombasa, na kengele ya adhana moja tu, au nyumba nzima italia mara tano kwa misikiti minne na simu juu yake. Kibla: Makka na Mombasa ziko karibu kwenye longitudo moja, nyuzi 39 na kitu mashariki, kwa hiyo kibla chetu ni kaskazini takriban kamili. Simu ikielekeza kwingine, dira imechanganyikiwa, na mara nyingi sababu ni sumaku ya kifuniko. Kitoeni, zungusha simu hewani mfano wa nane, tazama tena. Mzee ajuaye msikiti umeelekea wapi atakuwa ameshakuambia kabla ya simu.

Kuandika kwa kusema: kibodi ya Google ina alama ya kinasa sauti na inaelewa Kiswahili. Lahaja ya Kimvita huitatiza kidogo. Mama akisema "ndoo" kwa maana ya njoo, huandikiwa ndoo ya maji.

Stima hukatika. Mnunulie chaja ya kubebea, uizoeze kukaa imejaa. Simu isichajiwe chini ya mto, wala isiachwe dirishani pa jua.

Siku atakapoanza kusahau, na siku nyingine

Akianza kuuliza swali lilelile mara nne kwa siku, punguza vitu kwenye kioo badala ya kuongeza maelezo. Salio kubwa lihamie benki, M-Pesa ibaki na pesa za wiki. Mazungumzo hayo yafanyeni akiwa bado anaamua, aamue yeye.

Na akifariki, yeyote anayejua namba yake ya siri asiitumie. Pesa zilizobaki kwenye M-Pesa ni mirathi kama nyumba na dhahabu, na warithi ni wote. Nendeni duka la mtoa huduma na cheti cha kifo mfuate utaratibu. Nimewahi kuombwa kibandani nitoe pesa za marehemu usiku wa matanga, "ni za kununulia maji." Nilikataa, nikanunua maji mimi.

Kabla simu haijafutwa kupewa mtu mwingine, fungua WhatsApp yake na yako. Jumbe zake za sauti zimo. Shikilia ujumbe mmoja mmoja, bonyeza mshale wa kusambaza, utume kwenye namba yako, kisha uuhifadhi nje ya WhatsApp, kwenye kompyuta au kadi ya kumbukumbu. Itakuchukua jioni nzima, kwa sababu utazisikiliza.